Barafu ya Mbali na Mvua ya Kwetu
Somo kwa waalimu wa dini, wazee wa kanisa, na wote wapendao kusoma



Katika darasa moja la waalimu wa dini hapa Tunduma, mzee mmoja wa kanisa aliinuka akauliza, akasema: “Mchungaji, twasikia kila siku katika redio ya kwamba barafu iliyo kwenye ncha za dunia yayeyuka, na bahari yapanda. Sisi huku hatuna bahari, wala barafu hatuijui, ila sakitu ya Juni alfajiri katika nchi za juu, na ile ya vifuko waiuzayo watoto sokoni. Neno hili latuhusu nini?” Wengi walicheka. Nami nilitaka kumjibu kwa maneno mawili nikaona siwezi, kwa kuwa jambo lenyewe ni refu, tena lina sehemu nilizokuwa sizijui vema. Nikamwomba anipe muda. Leo najibu.

Kwanza na tukumbuke ya kwamba habari ya barafu si ngeni katika historia ya Injili kwenye nchi hizi. Johannes Rebmann, mzaliwa wa Württemberg katika Ujerumani, alikuwa mmisionari akikaa Rabai karibu na Mombasa. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa safarini kwenda Uchagani, aliona kilele cha mlima kilichokuwa cheupe. Akamwuliza aliyemwongoza njia, kile cheupe ni kitu gani? Yule akamjibu neno moja tu, ya kuwa ni baridi. Rebmann akafahamu mara moja ya kuwa ni theluji, akaandika habari hiyo kwao. Lakini wenye elimu ya London, na hasa mmoja aitwaye William Desborough Cooley, wakamdhihaki, wakasema haiwezekani theluji kukaa karibu na mstari wa ikweta. Hao walikuwa hawajatia mguu huku hata siku moja! Rebmann alisadikiwa baadaye, Baron von der Decken alipofika mlimani miaka ya 1861 na 1862. Nawasimulia haya kwa sababu kila nisikiapo mtu akikataa kipimo kilichopimwa, kwa kuwa tu hakipatani na mawazo yake, namkumbuka yule bwana wa London.

Basi theluji ile aliyoiona Rebmann i wapi leo? Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilipopimwa na kuchorwa, ilifunika kilometa za mraba kama 12. Mwaka 2011 zilikuwa zimesalia zisizofika 2. Na baada ya hapo imezidi kupungua. Milima ya Kenya na Ruwenzori nayo imepatwa na mambo hayo hayo, hata barafu yake imekuwa vipande vidogo tu.

Hapa sharti niwaonye waalimu, kwa maana mtu hupenda kusema zaidi ya ajuavyo, nasi wahubiri twapenda zaidi ya wengine. Lonnie Thompson, mtaalamu wa Marekani, alipanda Kilimanjaro na wenzake mwaka 2000, wakatoboa barafu na kuichunguza. Mwaka 2002 wakaandika ya kwamba yamkini itakwisha yote kati ya mwaka 2015 na 2020. Mwaka 2020 ulipita, na barafu kidogo ingaliko. Shirika la UNESCO lilisema mwaka 2022 ya kwamba huenda itatoweka kabla ya mwaka 2050. Basi ukimwambia mwanafunzi tarehe kamili, nayo ikapita, atakuona mwongo hata katika yale yaliyo kweli.

Tena, wengine waliochunguza mlima ule kwa miaka mingi wameona ya kuwa barafu ya Kibo ilianza kupungua mapema, tangu miaka ya 1880 hivi, kwa sababu hewa ya huku ilikauka, mawingu yakawa haba, na theluji mpya ikapungua. Jua likapiga barafu hata ikageuka mvuke pasipo kuwa maji kwanza, kama nguo zilizoanikwa penye upepo mkavu. Na ukavu huo wasema una uhusiano na Bahari ya Hindi, ambayo ndiyo hutuletea mawingu. Kwa hiyo hata barafu ya mlima ulio mbali na pwani ilikuwa ikisimulia habari za bahari. Neno hili mlishike, maana ndilo litakalotufikisha Tunduma.

Na kosa moja lingine lisahihishwe. Watu husema barafu ya Kibo ikiisha mito ya Uchagani itakauka. Sivyo. Maji ya mito ile hutoka zaidi katika mwitu ulioufunga mlima kama mshipi, unaonasa mvua na ukungu. Moto uliounguza mlima ule mwaka 2020, na tena mwaka 2022, ulikuwa wa kuogopwa zaidi kwa habari ya maji kuliko kuyeyuka kwa barafu.

Sasa tuende kwenye ncha za dunia. Ncha ya Kaskazini ni bahari iliyofunikwa na barafu. Ncha ya Kusini ni bara kubwa lililolaliwa na barafu nene, iitwayo Antaktika. Tena iko Greenland, kisiwa kikubwa cha kaskazini, nacho kimebeba barafu juu ya nchi kavu. Tofauti hii ya barafu ielayo na barafu iliyo juu ya nchi ni kubwa, nanyi mwaweza kuwaonyesha watoto wa kipaimara kwa kikombe tu. Tia barafu kikombeni, jaza maji mpaka ukingoni, ungoje iyeyuke: maji hayamwagiki. Kwa kuwa barafu ielayo imekwisha kuchukua nafasi yake majini. Lakini ukijaza kikombe maji peke yake, kisha ukaiweka barafu juu ya chujio ili idondoke ndani, maji yatamwagika mezani. Barafu ya bahari ya kaskazini ni kama ile ya kwanza. Ya Greenland na ya Antaktika ni kama ile ya pili. Ya Greenland ikiyeyuka yote, bahari yote ya dunia itapanda kama mita 7. Ya Antaktika, zaidi ya mita 50. Msiogope, hayo hayatukii kwa siku moja wala kwa maisha ya mtu mmoja, ni kazi ya mamia na maelfu ya miaka. Lakini tangu mwaka 1900 bahari imekwisha kupanda kama sentimeta 20, na siku hizi yapanda upesi kuliko mwanzo. Sehemu ya kupanda huko ni maji ya barafu, na sehemu ni kwa sababu maji yakipata moto hutanuka, kama ajuavyo mama aliyejaza sufuria mno.

Lakini kama barafu ya kaskazini haipandishi bahari, ya nini kuililia? Jibu nalilipata Kamsamba. Nalishuka huko bonde la Rukwa kwa ibada, nikavaa joho langu jeusi saa sita mchana, nikaona jasho lanitoka mpaka kwenye kurasa za kitabu. Na mwalimu aliyekuwa karibu nami, amevaa kanzu nyeupe, alikaa raha mustarehe. Nyeupe hurudisha mwanga wa jua, nyeusi huumeza. Barafu ya kaskazini ndiyo kanzu nyeupe ya dunia. Ikivuliwa, yabaki bahari yenye rangi nzito, nayo yameza joto, na joto lile layeyusha barafu nyingine zaidi. Ndiyo sababu tangu mwaka 1979 nchi za kaskazini zimepata joto karibu mara nne kuliko dunia yote kwa wastani. Katika miaka ya 1980, barafu ile mwezi wa Septemba, ambapo huwa ndogo kuliko miezi yote, ilifunika kilometa za mraba kama milioni 7. Mwaka 2012 zilikuwa milioni 3 na nusu tu, au chini kidogo. Kilichopungua ni sawa na Tanzania yetu zaidi ya mara tatu.

Joto lenyewe latoka wapi? Dunia imevikwa hewa kama blanketi. Ndani yake imo hewa ya ukaa, itokayo katika kila kiunguacho: kuni, makaa ya mawe, mafuta ya magari. Mwaka 1896 mtaalamu wa Sweden, Svante Arrhenius, alikwisha kupiga hesabu akaonyesha ya kuwa hewa hiyo ikizidi, dunia itapata joto zaidi. Kabla ya viwanda vikubwa vya Ulaya, katika kila sehemu 1,000,000 za hewa zilikuwamo sehemu 280 za hewa ya ukaa. Leo zimepita 420. Blanketi limekuwa zito. Na mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopimwa.

Wala joto hilo halikukaa hewani. Katika kila sehemu kumi za joto lililozidi, sehemu tisa zimeingia baharini. Watu wa pwani wameliona mbele yetu. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata moto hata matumbawe ya Mafia na Pemba yakawa meupe, na mengi yakafa; na penye matumbawe ndipo samaki wazaliapo na kujificha. Mwezi wa Mei 2024 tufani iliyoitwa Hidaya ilipiga pwani upande wa Mafia na Kilwa, barabara ya kusini ikakatika. Tufani si jambo jipya kabisa kwetu, maana Lindi ilipigwa mwaka 1952, lakini ni jambo la nadra, na maji ya moto ndiyo chakula chake. Majirani zetu wa Malawi, ambao watu wa Ileje huonana nao ng'ambo ya mto Songwe, waliijua tufani Freddy mwezi wa Machi 2023. Iliizunguka Bahari ya Hindi kwa zaidi ya majuma matano, na kusini mwa Malawi watu zaidi ya elfu walikufa au kupotea.

Sasa mzee wangu, nakuja Tunduma.

Kumbuka mwaka 2024. Mahindi yalipita hapa kwenda Zambia kwa malori yasiyohesabika, na serikali yetu ilikubali kuwauzia mengine kutoka ghala la taifa. Kwa nini? Kwa sababu mwezi wa Februari mwaka ule Rais wa Zambia alitangaza ukame kuwa msiba wa taifa. Mahindi yalikuwa yamekauka mashambani katika mikoa ya kusini, ya magharibi na ya katikati. Hata bwawa la Kariba likapungua, na umeme ukawa wa saa chache. Nakonde, ambayo twaweza kuitupia jiwe kutoka hapa, haikupigwa hivyo. Na huku kwetu Tanzania mvua zilikuwa nyingi kupita kiasi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la mlima Hanang lilishuka Katesh likaua watu zaidi ya themanini. Nchi moja yalia kwa kukosa maji, na jirani yake yalia kwa kuzidiwa na maji, msimu ule ule. Ni nini kilichoyatenda hayo? Ni maji ya bahari ya Pasifiki, mbali sana mashariki, yaliyopata moto, jambo liitwalo El Niño. Bahari ile ikipata moto, njia za pepo na mawingu hugeuka, mvua ikaacha upande mmoja ikamwagika upande mwingine. Tena Bahari ya Hindi ya upande wetu nayo ilikuwa ya moto, kama mwaka 2019, ambapo mvua kubwa zilianza kuyajaza maziwa mengi ya Afrika Mashariki hata yakafukuza watu katika nyumba zao za kandokando.

Nisiwadanganye: El Niño ni ya tangu zamani, haikuzaliwa na moshi wa magari, na wataalamu walioupima ukame ule wa Zambia walisema El Niño ndiyo iliyoutenda hasa. Vivyo hivyo ziwa Rukwa limekuwa likipanuka na kusinyaa tangu zamani za mababu, maana halina mto wa kulitoa maji. Lategemea Momba na Songwe na mito mingine, likipewa nyingi lajaa, likinyimwa lakauka. Si kila badiliko ni la sasa. Lakini bahari itumayo mvua na ukame ndiyo hiyo imezayo lile joto jipya. Mfano wake ni mlevi ambaye zamani alileta fujo mara moja kwa mwaka, na sasa aongezewa pombe. Fujo ni yake ya asili. Nguvu ya kuizidisha amepewa.

Yako na mambo ya kitoweo. Wengi wetu hula dagaa na migebuka ya ziwa Tanganyika. Ziwa lile lina kina cha mita 1,470 hivi, na chakula cha viumbe vidogo vyake kimelala chini. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huyakoroga maji, chakula kikapanda juu, vijidudu vikala, dagaa wakala vijidudu, migebuka wakala dagaa. Lakini maji ya juu yakipata moto huwa mepesi, yakaelea juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, wala upepo hauwezi kuyachanganya kama zamani. Wataalamu waliandika habari hiyo mwaka 2003, ya kwamba ziwa limepungukiwa na rutuba yake. Wavuvi wengi na nyavu za matundu madogo nao wana sehemu yao katika kupungua samaki. Ndiyo maana mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kwa miezi mitatu, tangu Mei 15 hata Agosti 15, kwa mapatano ya nchi nne. Bei ya dagaa sokoni mwaijua wenyewe.

Sasa nasema neno ambalo ni zito kwangu kulisema, nalo ndilo lililonifanya niandike somo hili.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja, mvua ilikawia mpaka Januari. Mahindi yaliyopandwa yaliota yakakauka. Watu wakaanza kunong'ona ya kuwa bibi mmoja mjane, mshiriki wetu, amefunga mvua. Kwa kuwa alikaa peke yake, macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, na bustani yake, iliyo karibu na chemchemi, ilikuwa na majani mabichi. Jumapili nilihubiri hapo. Nilijua minong'ono ile; mwalimu alikuwa amenieleza. Nami nilihubiri juu ya saburi, kwa maneno mazuri, wala sikulitaja jambo lenyewe, kwa kuwa naliogopa wakuu wa ukoo waliokuwa wamekaa mbele, tena kwa kuwa mimi mwenyewe sikuwa na jibu la kuwapa kama wangeniuliza, “Basi, ni nani aliyeifunga?” Juma lililofuata bibi alibomolewa nyumba yake usiku. Alikimbia kwa mtoto wake Mbalizi, hakurudi tena, na huko ndiko alikozikwa.

Kama siku ile ningalijua kusema ya kuwa mvua ya Momba hutegemea maji ya bahari zilizo mbali mwendo wa majuma mengi, ambayo hakuna bibi kizee awezaye kuyapasha moto wala kuyapoza, labda wasingalinisikiliza. Lakini ningalikuwa nimesema. Waalimu wangu, hamtasema ya kuwa hamkufundishwa. Mvua ikikawia mwaka huu au mwaka ujao, na minong'ono ikaanza, inukeni mapema, mkaeleze mambo ya bahari kilabuni, kisimani na kanisani, mkamtaje yule anayesingiziwa kwa jina lake mbele ya watu wote, ya kuwa hana hatia. Tena mkakae kwake usiku.

Wengine wataleta swali jingine, maana nimelisikia: Mungu alifanya agano na Nuhu, basi bahari yawezaje kupanda? Soma vizuri kitabu cha Mwanzo, mlango wa 9. Agano lile lasema gharika haitaangamiza tena vyote vyenye mwili. Halisemi ya kwamba nyumba iliyojengwa ufukoni haitachukuliwa na mawimbi, wala halimwondolei mtu wajibu kwa ajili ya yale atendayo. Na yule asemaye kila ukame ni adhabu ya watu wa mahali pale, na aeleze kwanza kwa nini mkulima wa Zambia, ambaye hana gari wala kiwanda, alipigwa, na mwenye magari matatu Ulaya hakupigwa. Hapo pana swali la haki, nalo si dogo. Lakini lisitufanye tujihesabie haki: sisi nasi twachoma nyika za Momba kila kiangazi pasipo sababu, na miti ya vilima vya Mbozi imekwisha kuwa makaa. Kupanda miti huku hakutairudisha barafu ya Greenland, msiwaahidi watu hivyo. Kutaizuia ardhi isichukuliwe na mvua ya ghafula, kutaipa kahawa kivuli, na kuichunga chemchemi; hayo yatosha kuwa sababu.

Tena Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza kila mwaka habari za mvua za msimu kabla hazijaanza. Habari hizo husomwa redioni, watu wakazima wakaweka muziki. Naomba kila mwalimu aziandike, azisome pamoja na matangazo ya usharika, hata kama wakati mwingine hukosea. Daktari naye hukosea, nasi twaenda hospitali.

Kwa darasa la mwezi ujao someni kitabu cha Ayubu, mlango wa 38, mahali ambapo Mungu amwuliza Ayubu habari za malango ya bahari na za ghala za theluji, mkazungumze kwa nini Ayubu hakuwa na jibu, na kama sisi tulio na vipimo tunalo. Kila mmoja alete kikombe na chujio. Barafu isiwe ile ya rangi nyekundu, maana mezani huacha alama. Mzee aliyeuliza swali ameahidi kuleta yake mwenyewe kutoka sokoni.